Mashua ya mfano, nguzo ya maji au roboti ya kuzamia: klabu yenu ianze na ipi?

Tangu nianze kusimamia klabu ya sayansi katika shule moja ya kutwa hapa Mtwara, walimu wenzangu wa fizikia, kuanzia Mikindani na Lindi mpaka Newala, wamekuwa wakiniuliza swali lile lile. Wanafunzi wanataka kujifunza uhandisi wa bahari, fedha ni kidogo, muda ni Jumamosi tu: tuanze na mradi gani? Na miradi inayotajwa ni mitatu. Kuunda mashua ya mfano, kusimika nguzo ya kupimia maji kupwa na kujaa, au kuunda roboti ya kuzamia kwa bomba za plastiki. Yote mitatu nimeifanya na wanafunzi. Mmoja ulikwenda vizuri, mmoja ulikwenda kwa kusuasua, na mmoja tuliuharibu kabisa mwaka wa kwanza tukaurudia wa pili. Nitaiweka bega kwa bega, na ninaoupendelea nitausema.

Kwanza tuelewane kuhusu jina lenyewe, maana wazazi wengi wakisikia "uhandisi wa bahari" wanadhani ni kuendesha meli. Kuna watu wa aina tatu hapa. Yupo mhandisi wa mitambo ya meli, anayeshughulika na injini, pampu na jenereta. Yupo msanifu wa meli, anayeamua chombo kiwe na umbo gani, kibebe nini na kisipinduke. Na yupo mhandisi wa bahari, anayejenga vitu vinavyokaa majini: magati, mabomba, nyaya, maboya, mitambo ya visima. Huku kusini kazi za wote watatu tunazo mbele ya macho. Bandari ya Mtwara imepata gati jipya la mita 300. Bomba la gesi la Songo Songo, lililoanza kazi mwaka 2004, hupita chini ya bahari kama kilomita 25 kabla ya kugusa nchi kavu Somanga. Na mbali zaidi, mbele ya pwani ya Lindi, wamechimba visima vya gesi penye kina cha zaidi ya mita 2,000, ambako hakuna mzamiaji anayefika.

Mwanafunzi wa kidato cha pili ameshakariri kwa Kiingereza kanuni ya Archimedes, kwamba maji hukisukuma chombo juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa. Ameipatia katika mtihani. Lakini mwulize kwa nini mashua ya baba yake hubebeshwa mawe ikirudi tupu, atakutazama tu. Darasani anasoma kwa lugha moja, ufukweni anafikiri kwa lugha nyingine, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni jambo moja. Kwangu mradi mzuri ni ule unaounganisha hizo pande mbili. Kipimo hicho ndicho nilichotumia katika ulinganisho wote huu.

Mashua ya mfano

Watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa kuunda kiboti. Ndala kuukuu, kijiti, kipande cha mfuko kwa tanga, kimekwenda. Kwa hiyo tulipoanza mradi huu, hatari ilikuwa moja: kurudia mchezo wanaoujua na kuuita sayansi. Mwaka wa kwanza ndivyo ilivyokuwa. Tulipata mashua nzuri, zimepakwa rangi, zina majina ubavuni, siku ya wazazi zikapigiwa makofi. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeweza kuniambia yake itabeba kilo ngapi kabla ya kuzama. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewapa kazi ya useremala.

Mwaka wa pili nilibadilisha. Nikaenda Mikindani kwa mzee mmoja fundi wa mashua, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, wewe watoto unawaanzishia juu. Waanze na ngama." Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji machafu yanakojikusanya. Akawaonyesha mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, akawaonyesha mataruma, mbavu zake, yanavyofuatana, akawaambia kwa nini farumi, uzito wa kukituliza chombo, hupangwa chini na hufungwa isitembee. Wanafunzi wakaandika maneno hayo upande mmoja wa daftari, na upande wa pili wakaandika ya kitabu cha fizikia. Ukurasa ule mmoja ulinisaidia kuliko vipindi vyangu vitano.

Tuliporudi shuleni tuliacha umbo la mashua halisi, tukaunda sanduku. Urefu sentimita 60, upana 20, kina 12, kwa bati jembamba na rivet za fundi wa majiko, viungo vimezibwa kwa lami. Halipendezi hata kidogo, lakini hesabu yake ni nyepesi. Kila sentimita moja linalozama, linasukuma sentimita za ujazo 1,200 za maji, yaani kilo 1.2 kwa maji ya bomba. Kwa hiyo sanduku na mzigo wake likiwa na kilo 6 litazama sentimita 5. Wanafunzi wanapiga hesabu kwanza, wanachora mstari ubavuni, ndipo wanaliweka kwenye pipa lililopasuliwa. Mstari ukikaa sawa na maji, kelele zake zinasikika mpaka ofisi ya mkuu wa shule.

Kisha mnabeba maji ya bahari kwa ndoo. Ujazo ule ule wa maji ya chumvi ni mzito zaidi kwa kama asilimia 2.5, na sanduku linapanda kidogo. Ni milimita moja hivi, lazima waangalie kwa makini. Hapo unawapeleka waone alama za ubavuni mwa meli bandarini: mstari wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uko juu, wa maji ya chumvi uko chini. Alama hizo zililazimishwa kwa sheria Uingereza mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini na meli zilizopakiwa kupita kiasi. Wanafunzi wangu waliushika mkasa huo haraka sana, kwa kuwa wao wenyewe huvuka kwenda Msangamkuu kwa kivuko na wanajua hali ya kivuko kilichojaa.

Jaribio lililofuata ndilo linalonifanya niuthamini mradi huu. Simika mlingoti katikati ya sanduku, ning'iniza timazi, kizito kinachoning'inia kwenye uzi, yenye uzi wa sentimita 30, na chini yake weka rula. Sanduku liko na kilo 6 zote, mizigo imelala chini. Chukua gramu 200 kutoka upande mmoja, zihamishie upande wa pili, umbali wa sentimita 15. Sanduku linainama, timazi inasogea sentimita 3. Sasa zidisha 0.2 kwa 15, unapata 3. Gawa kwa 6 mara 0.1, ambayo ni mwinamo wa timazi, yaani 3 kwa 30. Jibu ni sentimita 5. Namba hiyo, kipimo cha uthabiti wa chombo, ndiyo wasanifu wa meli wanayoitafuta kila chombo kinapomalizika, na wanaitafuta kwa njia hii hii: kuhamisha uzito unaojulikana na kusoma timazi. Ikiwa kubwa, chombo hurudi wima kwa nguvu. Ikiwa ndogo, hurudi kivivu. Ikifika sifuri, hakirudi.

Halafu chukua kilo moja kutoka chini uipandishe juu ya mlingoti, sentimita 20. Usiongeze kitu kingine chochote. Hamisha tena zile gramu 200. Mara hii timazi inakwenda karibu sentimita 9. Uzito ni ule ule kilo 6, mstari wa maji haujabadilika, aliyeko nje anaona chombo kile kile. Pandisha kilo moja na nusu, sanduku linalala ubavu mbele yao.

Siku tuliyofanya hivyo palikuwa kimya. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, wakituambia tukae chini kivukoni si kwa ajili ya nidhamu." Tulizungumza siku hiyo kuhusu MV Nyerere, kivuko kilichopinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake wa watu 101, na zaidi ya watu 200 wakafa. Sikuhitaji kueleza mengi.

Mkiwa na Jumamosi ya ziada, mwageni lita moja ya maji ndani ya sanduku, mrudie jaribio. Maji yanakimbilia upande unaoinama na kuuongezea mzigo. Ndiyo sababu fundi alianza na ngama.

Nguzo ya kupimia maji

Huu ndio mradi wa gharama ndogo kuliko yote: mti ulionyooka au bomba, rangi ya aina mbili, daftari na saa. Na ndio ambao walimu wanaudharau, kwa sababu hauna kitu cha kupigia picha.

Huku kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Watoto wanajua bamvua na maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Wanachokuwa hawajawahi kufanya ni kuyaandika kwa namba. Kwa hiyo chora nguzo kila sentimita 10, nyekundu na nyeupe, na wawili wawili wasome kila nusu saa kwa zamu.

Mwalimu aliyeko Mtwara au Lindi ana bahati asiyoijua: siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa jioni saa kumi hivi. Ndiyo maana siku hizo akina mama wanashuka kuokota chaza na kutafuta pweza baada ya kumaliza kazi za asubuhi. Jumamosi moja ya bamvua, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, inakupa kupwa kamili na kujaa kamili bila mtoto kulala ufukweni.

Shida ya kwanza mtakayokutana nayo ni mawimbi. Mmoja atasoma 140, mwenzake 165, na wote wako sawa. Acheni wabishane. Kisha wapeni mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, wa urefu wa nguzo, ufungwe sambamba nayo, mdomo wa chini umezibwa na kuachiwa tundu la msumari. Maji ndani ya mpira hayawezi kupanda na kushuka haraka kama wimbi, yanatulia kwenye usawa wa kati. Vituo vingi vya kupimia usawa wa bahari vimetumia wazo hilo hilo kwa bomba kubwa zaidi, na wanafunzi wamelifikia kwa kugombana.

Namba zikipatikana, fungueni kanuni ya sehemu kumi na mbili. Kati ya kupwa na kujaa kuna saa sita hivi. Gawanya kimo chote kwa 12: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme kimo ni mita 3.6. Basi saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja. Mtu aliyeko kwenye fungu la mchanga anayedhani maji yatapanda polepole kama alivyoona saa ya kwanza, hapo ndipo yanapomkamata. Wachore na kulinganisha na daftari lao. Hayatalingana sawasawa, kanuni hii ni ya kukisia, na kuona inapokosea ni somo lenyewe.

Sasa wageuze kuwa wahandisi. Waambie: tunataka mteremko wa kivuko ambao gari litashuka maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, na usiwe mkali kuliko mita 1 kwa kila mita 8. Kwa kimo cha mita 3.6, mteremko unahitaji karibu mita 29 kwenda mbele, na hapo hujahesabu mawimbi wala kina ambacho kivuko chenyewe kinahitaji. Wapime kwa hatua uwanjani, wasimame ncha zote mbili. Ndipo wanaanza kuuliza wenyewe: kwa nini tusifanye gati linaloelea, likapanda na kushuka na maji? Na litashikwa na nini lisichukuliwe na upepo wa kusi? Na kimbunga kikija? Kile cha Aprili 2019, Kenneth, kilipiga upande wa pili wa Ruvuma, Cabo Delgado, na Mtwara watu waliambiwa wahame maeneo ya mabondeni. Swali la kimbunga kwao si la kitabuni.

Ubaya wa mradi huu? Unahitaji subira. Nusu ya wanachama watatoroka Jumamosi ya pili. Daftari likilowa umepoteza kila kitu, kwa hiyo wawe nayo mawili. Na nguzo ina maadui. Ya kwanza tuliyosimika ilidumu siku nne: mvuvi aliona mti umesimama mahali pazuri akafunga mtumbwi wake, maji yalipojaa mtumbwi ukaing'oa. Hakukosea. Tulikuwa hatujamwambia mtu yeyote pale ufukweni, hatujaonana na kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wala hatujawaamkia wazee. Ya pili tulisimika tukiwa nao, na wao ndio walioitunza. Kwa shule za Msimbati na jirani zake, kumbukeni kwamba sehemu kubwa ya maji yenu imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Zungumzeni na wahifadhi kabla ya kupigilia kitu chochote.

Roboti ya kuzamia

Huu ndio wanaoutaka wanafunzi, na ninawaelewa. Wazo la kuifundishia shuleni limeenea duniani, hasa kupitia mpango wa SeaPerch ulioanzishwa mwaka 2003 na chuo cha MIT cha Marekani: fremu ya bomba za plastiki, mota tatu, waya mrefu, na kisanduku cha swichi mkononi. Mbili zinasukuma mbele na kugeuza, moja inapandisha na kushusha. Kimsingi ndivyo zilivyo hata zile kubwa zinazofanya kazi kwenye visima vya gesi. Pale penye kina cha mita 2,000, kila sentimita ya mraba inabeba uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo mkono unaofungua vali ni wa chuma na anayeuongoza amekaa melini.

Vifaa vingi vinapatikana Mtwara mjini. Bomba za nusu inchi na elbo na tii zake kwenye maduka ya ujenzi. Mota za pampu ndogo za maji ya waipa kutoka magari mabovu, zinazotumia volti 12. Vielea vya nyavu kwa wauza zana za uvuvi. Betri ya bodaboda, na hii ndiyo itakayokula bajeti. Propela ndogo ndizo ngumu kupata. Tulikata za kwetu kwa plastiki ya ndoo, zikafanya kazi kwa shida lakini zikafanya.

Yetu ya kwanza iliishi dakika chache. Tuliziba mota kwa nta ya mshumaa, ikapasuka ilipopata joto na baridi, maji ya chumvi yakaingia kwenye mhimili. Mara ya pili tulitumia nta ya nyuki, ambayo hunata na haipasuki ovyo, tukaongeza grisi kwenye tundu la mhimili. Ilikaa.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la waya. Tulinunua mita 10 za waya mwembamba wa intaneti, kwa kuwa ni mwepesi na una nyuzi nane ndani. Kwenye meza roboti ilinguruma. Ilipofungwa kwenye mita zote 10, propela zilizunguka kama zinaumwa. Tukachukua multimita. Waya ule una ukinzani wa kama omu 0.084 kwa mita, na umeme lazima uende na kurudi, yaani mita 20, omu 1.7. Mota inavuta ampea 2. Zidisha: volti 3.4 zimepotelea njiani, na kati ya 12 zilizotoka kwenye betri zimefika pungufu ya 9. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 upotevu ungekuwa kama nusu volti, lakini waya huo ni mzito na mgumu, unaivuta roboti kama mbwa kwenye kamba. Wanafunzi walikaa na mgongano huo wiki mbili: wembamba unaopoteza umeme au unene unaozuia mwendo. Wakamalizia kwa kufunga waya wa pili wa intaneti sambamba na wa kwanza, na kuunganisha nyuzi mbili mbili pamoja. Hiyo ni kazi halisi ya mhandisi, na hakuna aliyewatajia jibu.

Kuisawazisha majini nako kuna hesabu yake nzuri. Roboti iliyosawazishwa kwenye pipa la maji baridi itaelea ikifika baharini. Ikiwa inasukuma lita 4 za maji, bahari inaisukuma juu kwa gramu 100 zaidi. Bebeni vipande vya risasi za nyavu mfukoni.

Masharti yangu mawili hayana mjadala. Umeme wa ukutani usikaribie maji, betri ya volti 12 tu, yenye fyuzi karibu na betri yenyewe. Na roboti ikitoka baharini ioshwe kwa maji baridi dakika hiyo hiyo. Chumvi haisubiri Jumatatu.

Nikiiweka pamoja

Kwa gharama, nguzo ni rahisi kabisa, sanduku la mashua linafuata, roboti iko mbali juu. Lakini swali linalofaa zaidi ni hili: kikiharibika, mnaweza kurudia mara ngapi? Sanduku likipinduka unalinyanyua na kujaribu tena, mara 20 kwa asubuhi moja. Nguzo iking'oka umepoteza wiki. Mota ikiingia maji umepoteza mota, na huenda muhula mzima kama hakuna fedha ya nyingine. Mwanafunzi anayeogopa kuharibu hajifunzi, anamwachia anayejua. Katika roboti niliona wavulana wawili wameshika swichi na wengine kumi wanatazama. Katika sanduku, kila mtu alilowa.

Kwa usalama, sanduku hufanyika uwanjani, na kwa hiyo ndilo la klabu yenye wanafunzi wasiojua kuogelea. Msidhani kila mtoto wa pwani anaogelea. Wasichana wengi wa kwangu hawakujua. Nguzo na roboti zinawataka mpate ruhusa ya wazazi, majaketi okozi, viatu vya kufunga, na mtu mzima anayeijua sehemu ile ya ufukwe. Hapo mvuvi anamzidi mwalimu.

Msimu nao una sauti yake. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, bahari ya nje haifai kwa roboti wala kwa kusoma nguzo. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, na maji ya ghuba yanachafuka. Oktoba na mwanzo wa Novemba bahari imetulia na maji yanaonyesha. Kwa hiyo sanduku lifanyeni muhula wa kwanza, mvua zikiwa zinanyesha, na ya ufukweni yasubiri Oktoba.

Mashule ya bara, Masasi, Nachingwea, Newala, Ruangwa, yasijione yameachwa. Sanduku na roboti hufanyika kwenye tanki la maji. Nguzo inaweza kuwa ya mto, na kupima Lukuledi unavyopanda wakati wa mvua ni kazi yenye faida kwa kijiji. Ruvuma sitawashauri kwa watoto. Mamba wapo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: mwaka wa kwanza sanduku la mashua, liwe baya la kutosha ili mpate kulipindua. Nguzo ianze mwaka huo huo kwa wale wachache wenye subira, watano wanatosha. Roboti mwaka wa pili, baada ya kupata mwalimu au fundi wa umeme wa kukaa nanyi, na mkiwa tayari na fedha ya mota za akiba. Kama mfadhili amekuja na vifaa vya roboti leo, vipokeeni kwa shukrani, lakini anzeni kwenye pipa, msikimbilie gati.

Ipo hali moja ambayo ningeanza na nguzo: shule iliyo karibu kabisa na maji, yenye walimu wawili tu wa sayansi na hakuna fundi. Hapo nguzo inafanya kazi hata wiki ambayo mwalimu anaumwa.

Wakifika kidato cha nne wataanza kuuliza njia. Mwenye kupenda injini aelekezwe Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Mwenye mikono mizuri ya ufundi anaweza kuanzia VETA hapa hapa Mtwara. Anayevutwa na vyombo vya uvuvi ana chuo cha uvuvi cha FETA, chenye kampasi Mikindani. Na anayetaka usanifu au miundo ya baharini akazane na hisabati na fizikia aingie kidato cha tano mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Yule msichana wa kivukoni yuko huko sasa. Alipoondoka aliniachia daftari la maneno ya fundi, na limeshanakiliwa mara nne. Anayelihitaji alete karatasi zake, tutamtolea kopi.